Wewe ni Mtoto wa Nani?

Sisi walimu wa kujitolea wa madarasa ya chini ya mwembe tumeombwa tueleze Siku ya Ngoma ilivyokwenda. Wengi mlikuwepo, lakini wengine siku ile mlikuwa kwenye foleni ya chakula, na hadithi zinazozunguka bombani si zote za kweli. Basi tunaandika, pamoja na pale tulipokosea.

Mambo yalianzia darasani. Tuliwaambia watoto wa darasa la tatu waandike mistari mitatu: kijiji chao, ukoo wao na ngoma ya kwao. Tulidhani ni zoezi jepesi tu la mwandiko. Zaidi ya nusu, kwenye mstari wa kijiji, waliandika namba ya bloku. Mmoja akaongeza "karibu na bomba". Mstari wa ukoo wengi waliuacha wazi. Kwenye ngoma, kijana mmoja aliandika "redio". Tulicheka, halafu tukanyamaza. Vita hivi vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mtoto wa miaka minane hakumbuki hata siku moja kabla yake. Mji wenyewe ulipotekwa Agosti 2020 alikuwa bado anabebwa mgongoni. Na wale wa Palma mnaijua wenyewe tarehe 24 Machi 2021, hakuna haja ya kueleza. Sasa mtoto kama huyo akiandika bloku, amekosea nini?

Kesho yake asubuhi mama mmoja alikuja shuleni. Hakuja kwa hasira. Alisema: "Walimu, nawaomba msimuulize mwanangu ukoo mbele za watu. Huko tulikotoka, kuulizwa wewe ni wa nani, wa wapi, halikuwa swali la salamu." Hakusema zaidi, wala sisi hatukumuuliza. Tuliweka daftari zile pembeni wiki nzima.

Wakati huohuo alipita mgeni wa shirika moja, mtu wa Uskoti, ile nchi ya kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza. Alituonyesha kwenye simu picha za sherehe ya kwao: wanaume wazima wamevaa sketi za mirabamiraba, wanapuliza mabomba yaliyofungwa kwenye mfuko. Vijana wetu walicheka sana. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa hapo na kikoi chake akauliza kinachochekesha ni kipi, mbona huyo kavaa kama watu wa pwani tu.

Mgeni akatueleza, na sisi baadaye tukasoma wenyewe. Kumbe wale nao ni watu wa koo. Neno lao la ukoo, katika Kigaeli, maana yake ni "watoto", na mtu akiitwa MacDonald ni kama sisi kusema bin Donald. Tarehe 16 Aprili 1746 koo za milimani zilizoasi zilishindwa vitani mahali panapoitwa Culloden. Serikali ikapiga marufuku wanaume wa milimani kuvaa mavazi yao, anayekamatwa anafungwa, na sheria hiyo haikuondolewa mpaka 1782. Kisha kwa miaka mingi wenye ardhi waliwatoa watu vijijini ili waweke kondoo. Soma tena hapo: kondoo. Watu wakapanda meli kwenda Kanada, Marekani na Australia, na wengi hawakurudi.

Wajukuu wa watu hao ndio leo wanaokutana kwa maelfu. Mji wa Antigonish huko Kanada una michezo hiyo tangu 1863. Marekani, kwenye mlima uitwao Grandfather Mountain, wameanza 1956. Vyama vya koo vinapiga mahema uwanjani, kila kimoja na jina lake na kitambaa chake. Mtu akipita anaweza kuuliza: bibi yangu aliitwa hivi, je, mimi ni wenu? Wanamtafutia, wanamkaribisha. Huo ndio mkutano wenyewe, mengine ni burudani. Lakini watoto walichopenda ni burudani, hasa kurusha gogo. Mwanamume anainua mti mrefu kuliko mlango mara tatu, anakimbia nao na kuupindua hewani, na waamuzi hawapimi umefika wapi, wanatazama umelala umenyooka vipi. Akina mama mliotafuta michi yenu wiki ile, tunaomba radhi. Ilikuwa uwanjani kwetu.

Jambo moja alilolisema yule mgeni lilitusaidia kuliko yote. Alisema hii habari ya kila ukoo kuwa na kitambaa chake maalumu, sehemu kubwa ilipangwa karne ya 19, hasa baada ya Mfalme George wa Nne kutembelea Edinburgh mwaka 1822. Watu wanaiona ya kale sana, kumbe si ya kale hivyo, na bado wanaivaa na machozi yanawatoka. Tulimfikiria mama mmoja wa tufo aliyekataa kucheza tangu afike hapa, eti kapulana za sare ziliungua Mocímboa, na bila sare hakuna kikundi.

Msidhani lakini kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Babu zetu waliovuka Ruvuma kwenda Tanganyika, kwenye mashamba ya mkonge, walikuwa na vyama vyao huko vya kusaidiana. Vyama hivyo havikubaki kwenye shida ndogondogo. Kibiriti Diwane na Faustino Vanomba walitoka huko Tanganyika kuja Mueda kudai haki kwa Wareno, na tarehe 16 Juni 1960 askari wakapiga watu risasi pale mbele ya ofisi ya serikali. Kutoka kwenye vyama hivyo ikapatikana MANU, na MANU pamoja na UDENAMO na UNAMI wakaungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 ikawa FRELIMO. Hili lipo kwenye vitabu vya shule. Lisilokuwepo ni wale waliokwenda mpaka Kenya, kwenye mashamba ya Kwale, wakakaa huko na wakazaa na kujukuu bila vitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakisema sisi ni Wamakonde na ni wa hapa. Februari 2017 serikali ya Kenya iliwapa vitambulisho kama kabila la 43 la nchi. Fikiria: walipata uraia kwa kutaja jina la kabila lao, mahali ambapo wangeweza kulificha.

Na ng'ambo ya mto, Mtwara, mwaka 2008 lilianzishwa tamasha la ngoma linaloitwa MaKuYa, yaani Makonde, Makua na Yao. Kwa hiyo tulipowaendea wazee na wazo la Siku ya Ngoma, hatukwenda na jambo la kigeni.

Wazee walikubali tufo haraka, ikabaki mapiko. Hapo tulikaa vikao vitatu. Vijana walitaka lipiko atoke, aingie uwanjani na njuga zake, vinganga vimjibu, kama inavyofanyika vijana wakitoka jandoni na vijiji vikishindana. Wazee wakauliza: atatokea wapi? Kule nyumbani mapiko wana mahali pao porini, asipofika mtu ambaye hajapita jandoni. Hapa pori liko wapi? Nyuma ya nyumba ya turubai kuna choo, nyuma ya choo kuna nyumba ya turubai nyingine. Mzee mmoja alisema lipiko asiyetoka porini ni mtu aliyejifunga nguo kichwani. Vijana wakasema tukisubiri pori watoto watakua hawajui hata sauti ya vinganga. Wote walikuwa na haki, na sisi hatukuona njia. Mwisho ikakubaliwa ngoma zipigwe peke yake, lipiko asije. Mengine ya mapiko hatuandiki, gazeti hili linasomwa na akina mama na watoto.

Sasa kosa letu. Tuliona mahema ya Waskoti kwenye picha, tukataka mpangilio kama ule. Tukakata maboksi ya mafuta, tukaandika vibao vinne na kuvichomeka uwanjani: Wamwani, Wamakonde, Wamakua, Wengine. Hilo neno "Wengine" linatuchoma mpaka leo. Sisi wenyewe tumetoka Mocímboa, tunakumbuka mwaka 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa meya, Wamwani na Wamakonde walivyogeukiana, nyumba zikachomwa na watu wakafa. Tulijua, na bado tukachomeka vibao.

Watu walianza kuingia saa nane. Wengine walisoma vibao wakageuza njia. Mwanafunzi wetu mmoja, mama yake Mmakonde wa juu Mueda, baba yake mvuvi Mmwani, alisimama katikati ya vibao viwili amemshika mdogo wake mkono. Kwa Wamakonde mtoto ni wa kwa mama, na mwenye neno ni mjomba. Kwa jamaa za baba yake pwani anaitwa kwa jina la baba. Yaani kwa desturi ana kwao kuwili, lakini vibao vyetu vilimtaka achague. Akatuuliza, "Mwalimu, mimi nakaa wapi?" Baba yake hajulikani alipo tangu 2020. Tulikosa jibu.

Mzee mpiga ngoma ndiye aliyetuokoa. Alikuja polepole, aking'oa kibao kimoja kimoja, akavikunja na kuvitia kwenye moto wa kukazia ngozi za ngoma. Akasema boksi linawaka vizuri kuliko majani. Ndiyo, Siku ya Ngoma ilianza hivyo, kwa moto wa vibao vya walimu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya akina mama. Yule wa kapulana zilizoungua alikuwa ametafuta mashuka mawili meupe, akayachana vitambaa vya kichwa. Wanawake wa Palma, wa Mocímboa, wa upande wa Macomia, wengine hawajawahi kucheza pamoja, walipaka msiro usoni, wakafunga kitambaa kimoja, wakakaa mstari mmoja. Tari zikaanza. Kwetu tufo ni mashindano, kikundi hiki na kile, lakini siku ile hapakuwa na wa kushindana naye. Kiongozi alikuwa anaimba anaweka majina ya vijiji ndani ya wimbo, kimoja baada ya kingine, na waliotoka huko wanaitikia kwa vigelegele. Hakuna aliyeulizwa. Anayetaka anaitika, asiyetaka anapiga makofi tu. Tulimtafuta kwa macho yule mama aliyekuja shuleni. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, na hatukumwona akiitika kijiji chochote. Lakini alibaki mpaka mwisho.

Kilipotajwa kijiji fulani cha upande wa Macomia, bibi mmoja wa bloku ya tatu alisimama, na upande wa pili wa uwanja wakasimama dada wawili. Wakatazamana. Bibi akauliza kwa sauti, nyinyi watoto wa nani? Wakamtaja mama yao. Ni mdogo wake bibi, wa mama mmoja. Walikimbia mwaka 2020, huyu kwa mashua, wale kwa miguu, na kila mmoja alishamsomea mwenzake hitma. Wamekaa kambi moja mwaka na nusu, wanateka maji bomba tofauti. Ngoma ilisimama kama robo saa. Sasa wanapika chungu kimoja, na watoto wa wale dada tumewahamishia darasa la asubuhi wawe na wenzao.

Mapiko yalipigwa saa kumi. Vinganga, kisha ngoma kubwa, na wazee wakaacha nafasi tupu katikati ya uwanja, pale anapocheza lipiko. Hakuna mtoto aliyeikanyaga. Kuna watu walilia, wanaume. Vijana waliolalamika vikao vitatu walisimama kimya. Hatujui kama mwaka ujao watakubali tena nafasi tupu, na kusema kweli hatujui kama inafaa wakubali. Wazee watakaa, watatuambia.

Daftari za darasa la tatu tumezirudisha. Sasa mtoto anakwenda nazo nyumbani, anauliza, na mzazi ndiye anayeamua kiandikwe nini. Mstari mtupu unapewa alama zote sawa na uliojaa, tumekubaliana hivyo walimu wote. Yule mtoto wa vibao viwili alirudi na ukoo wa mama, ukoo wa baba na vijiji viwili, mstari haukutosha akaandika mpaka pembeni. Kwenye ngoma aliandika mapiko na tufo, halafu akaongeza redio.

Wazee wanasema ngozi ya ngoma kubwa imepasuka. Anayechinja mbuzi mwezi huu asitupe ngozi, ailete darasani kwetu asubuhi. Michi imerudishwa yote isipokuwa mmoja, wenye fundo katikati. Mwenyewe ni mama wa bloku ya tano, anausubiri.