Kuutembea Mji wa Gede kwa Sauti Iliyonaswa

Mwalimu yeyote aliyewahi kuwapeleka wanafunzi thelathini na wanne kwenye magofu anaijua taabu yake. Mwelezaji husimama mbele akasema. Walio karibu naye husikia, walio katikati husikia nusu, na walio nyuma huwachokoza kima. Ndiyo sababu sisi wakufunzi wawili, mmoja wa Historia na mwenziwe wa Kiswahili, tulipopanga kuwapeleka wanachuo wetu Gede tulikata shauri kwamba safari hiyo haitakuwa na msemaji. Tungenasa maelezo yote mapema, kila mwanachuo atiliwe nakala yake katika simu, avae visikizio masikioni, kisha aingie mjini peke yake, asimame palipompendeza na aondoke alipotosheka. Katika miji mikongwe ya Ulaya desturi hii imezoeleka: mgeni hupewa chombo mlangoni, na sauti ikamzungusha mji mzima. Hatukuona kwa nini neema hiyo iwe ya watalii peke yao.

Kwa ajili ya msomaji asiyepata kufika, inafaa tueleze kidogo. Gede ni mji wa mawe uliomo ndani ya msitu, kusini mwa Malindi na karibu na Watamu, kilomita chache kutoka baharini. Ukuta wake wa nje wazunguka eneo la ekari 45 hivi. Ndani yake mna ukuta wa pili, na humo ndimo mlimo msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za mawe za matajiri. Kaburi moja lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 na baadaye wakakaa huko, mwendo wa siku moja tu kwa miguu, lakini maandishi yao yanayojulikana hayautaji mji huu. Mwanzoni mwa karne ya 17 wakazi waliuhama, na miti ikaingia vyumbani. James Kirkman aliuchimba kuanzia 1948 hadi 1958, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Maelezo tuliyonasa yalikuwa ya dakika hamsini na mbili, yamegawanywa katika sehemu kumi na nne. Tuliyasoma kwa zamu, usiku, katika chumba cha mkufunzi ambacho madirisha yake tuliyaziba kwa mablanketi ili vyura wasisikike. Hatutaficha kwamba tulijivuna. Hapakuwa na mlango, kisima wala choo tulichokiacha bila maelezo. Tulihesabu kila kitu isipokuwa pumzi ya msikilizaji.

Siku ya ziara kosa la kwanza lilijitokeza mapema. Sauti yetu ilisema: "Kulia kwako waona kisima." Lakini kulia kwa nani? Aliyeufikia msikiti kwa njia tuliyoipita sisi wakati wa kujiandaa alikiona kisima kulia. Aliyetokea upande wa jumba la mtawala aliona mti. Tuliwakuta wanachuo wanne wamesimama wakiutazama mti huo kwa heshima kubwa, huku masikioni wakiambiwa habari za maji. Tulicheka, nao wakacheka, ila kosa lilikuwa letu. Baadaye tuliona dawa yake ilikuwapo palepale msikitini. Katika pwani yetu kibla ni kaskazini, na mihrabu ya msikiti mkuu bado imesimama. Tangu hapo hatusemi kulia wala kushoto. Twasema "kipe kibla mgongo wako, kisha tazama mbele," wala hapana aliyepotea tena.

Kosa la pili lilimpata mwenzetu wa Kiswahili, naye hajalisahau. Nyumba nyingi za Gede zilipewa majina na wachimbaji kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe. Mna pia nyumba iliyoitwa kwa bakuli la kauri lililotoka Uchina, na nyingine kwa kauri, wale simbi wa baharini. Sauti ilisema "Nyumba ya Kauri" mara mbili, katika sehemu mbili tofauti, bila kufafanua. Katika lugha yetu neno ni moja: chombo king'aacho na kombe ling'aalo. Nusu ya wanachuo waliandika kwamba mtu wa Gede alikula wali katika simbi. Katika kitabu neno la namna hiyo lingeweza kusahihishwa pambizoni. Likishaingia sikioni halina pambizo.

Hata hivyo makosa hayo mawili yalikuwa madogo. Kubwa tuliliona tulipokaa kando, chini ya mbuyu, tukawatazama wanachuo wanavyotembea. Walikwenda upesi, macho chini kwenye simu, wakisubiri kuambiwa. Sauti ilipotaja alama ya mkuki iliyochongwa juu ya mlango wa msikiti, waliinua nyuso, wakauona, wakazirudisha chini. Hapana aliyegusa ukuta, wala aliyerudi nyuma kutazama mara ya pili. Ziara tuliyoitengeneza ili kila mtu awe huru ilikuwa imewafunga wote kamba moja, nasi ndio tulioishika ncha yake kutoka mbali.

Mmoja tu hakuwa hivyo, nasi twaona haya kusema sababu. Simu yake ilizimika katika sehemu ya tatu kwa kukosa chaji, naye kwa kuogopa kukemewa hakutuambia. Tulimkuta ndani ya nyumba moja akizunguka chumba cha nyuma kisicho na mlango. Alikuwa amekizunguka mara tatu, akipima kwa hatua.

"Mwalimu," akasema, "hiki chumba watu walikiingia vipi?"

Wenzake thelathini na watatu walikuwa wamekipita chumba kile. Kila mmoja alikwisha kuambiwa, hata kabla ya kukifikia, kwamba ni ghala, na kwamba iliingiwa kwa ngazi kupitia tundu lililo juu ukutani ili mali isiibwe. Walilijua jibu, lakini hawakupata kamwe kuwa na swali. Tulimjibu binti yule kwa kumwomba atazame juu. Alitazama kwa muda, akaliona tundu, akapiga kofi moja kubwa lililowashtua kima juu ya miti.

Jioni chuoni tulitoa zoezi fupi. Mwaka wa kaburi waliujua wote, na ekari pia. Tulipouliza, "Ni jambo gani ulilotaka kulijua ukalikosa?" karatasi nyingi zilirudi tupu.

Hapo sisi wakufunzi wawili hatukuafikiana, na ingekuwa si haki tuandike kana kwamba tuliafikiana. Mmoja wetu alishikilia kwamba magofu hayasemi yenyewe. Mwanachuo asipoambiwa ataona mawe na majani tu, na ziara itakuwa matembezi. Mwingine aliona kwamba tumeyasemea mawe mpaka yakanyamaza. Tulibishana kwa juma zima. Aliyetupatanisha, bila kujua, alikuwa mkufunzi mstaafu aliyekuja kunywa chai, akatukumbusha vipindi vya redio vya shule vilivyotusomesha sisi wenyewe utotoni. Mtangazaji aliuliza, kisha akanyamaza. Darasa zima likajibu kwa kelele kisanduku kisichosikia, naye akaendelea kana kwamba amesikia. Tuliudhani utani wakati ule. Katika dakika zetu hamsini na mbili hatukuwa tumeacha kimya hata kimoja cha namna hiyo.

Maelezo mapya ni ya dakika kumi na tisa. Kila sehemu huanza kwa kumpa msikilizaji mahali pa kusimama, kisha swali moja, kisha sauti humwambia: "Zima, tazama, washa utakapokuwa tayari." Jibu, kama lipo, huja baada ya hapo, na huja kwa ufupi. Katika Nyumba ya Mkasi hatusemi tena urefu wa vyumba. Twamwambia tu kwamba mwenye nyumba hatumjui jina, wala mkewe, wala biashara yake. Kilichobaki ni mkasi, na nyumba ikaitwa kwa huo. Kisha twamwomba akisie ni kitu gani cha chumbani mwake chuoni ambacho kingepewa heshima ya kukiita chumba hicho jina lake. Majibu ya wanachuo juu ya swali hili yangetosha makala nyingine. Mmoja alisema kufuli. Mwingine alisema hakuna, kwa kuwa vyake vyote ni vya kuazima.

Pia tuliondoa jambo moja ambalo lilitusumbua dhamiri. Maelezo ya kwanza yalisema mji ulikufa kwa sababu visima vilikauka, basi. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja: kushuka kwa maji, ndiyo, lakini pia mashambulizi ya mwisho wa karne ya 16, yakiwamo ya Wazimba waliofika mpaka karibu na Malindi mwaka 1589, na kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini. Hayo hatuyasemi katika simu. Tulimlipa mwelezaji mmoja wa hapo, mtu mzima azijuaye njia zote za msitu ule, aketi karibu na kisima cha msikiti mkuu na asiseme neno mpaka aulizwe. Mwanzoni aliona ajabu kulipwa ili anyamaze. Saa moja baadaye alikuwa amezungukwa na wanachuo kumi na mmoja, na visikizio vyote vimening'inia shingoni. Twawashauri wenzetu wasidhani kwamba sauti ya simu inamwondolea mtu huyu kazi. Pasipo yeye tungekuwa na maswali yasiyo na pa kwenda.

Mambo mengine ni ya kawaida na tutayapita. Simu zichajiwe usiku uliotangulia. Sikio moja liachwe wazi, kwa ajili ya matawi na kwa ajili ya adabu, maana atakusalimu mzee wa hapo nawe humsikii. Chakula kibaki mlangoni, kwa sababu ya kima.

Lakini liko swali moja ambalo maelezo yetu, marefu kwa mafupi, hayakuwa na jibu lake. Lilitoka kwa mwanachuo aliyezaliwa kijiji kisicho mbali na magofu yale. Alitembea kimya mpaka mwisho, akatujia langoni.

"Samahani, Mwalimu. Mmetaja nyumba za mawe zote. Hao waliochoma chokaa na kubeba mawe walikuwa wakilala wapi?"

Tulimwambia ukweli: wataalamu wanaeleza kwamba wakazi wengi wa Gede waliishi katika nyumba za udongo na fito, sehemu kubwa yao katika eneo lililo baina ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje. Akauliza kwa nini sauti haikumpeleka huko. Tukasema hakuna cha kuonyesha. Hakubisha. Alisema tu kwamba kwao wangali wakijenga hivyo, na kwamba laiti sisi tungepita kwao tusingesema hakuna cha kuonyesha. Kisha akaomba apewe nafasi anase sehemu ya kumi na tano mwenyewe.

Alituletea baada ya likizo. Ndani yake mna sauti ya hawe wake, kama Wagiriama wamwitavyo nyanya, akieleza jinsi nyumba inavyokufa, na mjukuu akifuatisha kwa Kiswahili. Paa likishaondoka, mvua humenya udongo uliokandikwa. Fito zikibaki uchi, mchwa huzila. Mchanga husambaa, majani huota, na mtoto aliyezaliwa humo akirudi baada ya miaka atayatambua mafiga tu, kama hakuna jirani aliyeyachukua. Maelezo hayo yote hayazidi dakika tatu. Mwishoni mwanachuo humwomba msikilizaji asimame njiani baina ya kuta mbili, mahali ambapo hapana ukuta wala kibao, na atazame chini. Baada ya hapo hasemi tena. Aliinasa sehemu hiyo ya mwisho papo hapo msituni, na kwa sekunde arubaini husikika majani na hondohondo mmoja aliye mbali.

Mwenzetu wa Historia angali anataka iongezwe hapo sentensi moja juu ya idadi ya ekari. Mpaka twaandika haya hatujaiongeza.