Debe la Hewa

Miongoni mwa maneno yanayowatia hofu vijana wetu wa sekondari, nadhani "moli" haliko mbali na la kwanza. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kemia inamjia kwa Kiingereza, na papo hapo anaambiwa ahesabu vitu asivyoviona. Mpwa wangu, aliyetamani uuguzi, alikuwa karibu kuitupa kemia kwa sababu hiyo. Na bila kemia mlango ule haufunguki.

Nikamwekea debe tupu mbele yake.

"Humu mna nini?"

"Hamna kitu, mjomba."

Kumbe limejaa hewa! Tukaanzia hapo. Muuza alizeti hapa Singida hahesabu mbegu mojamoja. Hupima kwa debe. Mkemia naye hupima kwa moli, yaani fungu lenye molekuli 6.02 × 10²³. Andika 602, kisha ufuatishe sifuri 21.

Vitabu husema moli moja ya gesi hujaza lita 22.4. Ni kweli, ila kwa nyuzi sifuri na kwa mgandamizo wa usawa wa bahari. Singida mjini tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa imelegea, na jua si la kuuliza. Huku moli ileile hutaka karibu lita 29, debe moja na nusu. (Sijaona kitabu cha shule kinachomwambia mtoto wa nyanda za juu jambo hili, nami naona ni upungufu.) Basi debe la lita 20 lina moli 0.69 hivi. Zidisha kwa lile fungu: molekuli 4.2 × 10²³.

Wengi wakifika hapo hudhani wamemaliza, hata kama swali lilitaka atomu. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, hutembea mbilimbili kama maksai waliofungwa nira. Kila molekuli ni atomu mbili; kwa hiyo atomu za debe letu ni kama 8.3 × 10²³. Lingejaa kabonidayoksaidi, tungezidisha kwa tatu.

Heliamu ndiyo mpweke. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa imepatikana kwa wingi bonde la Rukwa, ikitoka ardhini pamoja na naitrojeni. Na imetafutwa pia huku jirani, ukanda wa Eyasi na Balangida. Atomu yake haina mwenzi.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo, mjomba, debe la heliamu na debe la naitrojeni, molekuli ni sawasawa, ila atomu za naitrojeni ni mara mbili?"

"Ndivyo."

Akavuta daftari, akataka tuhesabu mtungi wa oksijeni wa wodini.