London: Mezani na Mwandishi

Ukiwaambia watu unakwenda London, kila mmoja anakupa orodha yake. Viatu vya Oxford Street, manukato, jezi ya Arsenal ya mpwa wake. Sijawahi kumsikia mtu akisema, "Ukifika, tafuta chakula cha mchana cha waandishi, ukae na mwenzio mle huku aliyeandika kitabu anakisimulia." Basi mwezi huu nakuambia mimi.

Chakula cha mchana cha waandishi ni kitu gani? Ni rahisi tu. Unanunua tiketi, unakaa kwenye meza ya duara na watu usiowajua, mnakula mlo kamili, halafu waandishi wawili au watatu wanasimama mmoja mmoja kuzungumzia vitabu vyao vipya. Pembeni kuna meza ya vitabu. Unanunua, unapanga foleni, wanakusainia. Hakuna bendi wala MC wa kupiga kelele. Kwa Waingereza wanaopenda kusoma ni jambo lililozoeleka, kama kitchen party ilivyozoeleka kwetu.

Nilikwenda na mume wangu. Yeye alikuwa na mafunzo ya kazi ya wiki mbili, mimi nikachukua likizo nikamfuata wiki ya mwisho. Ieleweke kwamba ndoa yetu ni ya mikoa miwili: kazi yake iko Geita, yangu iko Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tatu. Wenzangu wenye ndoa za namna hii mnajua ninachosema. Simu ya usiku inaanza na "watoto wamelala?" na inaisha na "LUKU umenunua?" Hamgombani, hamjakosana, ila maneno yamebaki ya nyumba na watoto tu. Kwa hiyo wiki ile ilikuwa mali, na sikutaka iishie madukani.

Wazo la binti wa miaka 19

Habari ya milo hii huwezi kuieleza bila kutaja duka la vitabu la Foyles. Mwaka 1903 ndugu wawili, William na Gilbert Foyle, walifeli mitihani ya kuingia utumishi wa serikali. Wakatangaza kuuza vitabu walivyosomea, wateja wakajitokeza wengi, nao wakaona kumbe riziki yao iko hapo. Mwaka 1906 wakahamia mtaa wa Charing Cross Road, na mpaka leo duka liko mtaa huohuo, ingawa mwaka 2014 lilihamia jengo jipya namba 107, na mwaka 2018 likanunuliwa na kampuni ya Waterstones.

William alikuwa na binti, Christina. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 19 tu, binti huyo alianzisha milo ya mchana ya kuwakutanisha wasomaji na waandishi. Mlo wa kwanza ulifanyika Holborn Restaurant. Baadaye ikahamia hoteli za kifahari za Park Lane, kama Grosvenor House na Dorchester, na iliendelea kwa miongo mingi.

Jiweke kwenye viatu vya msomaji wa miaka ile. Hakuna televisheni sebuleni, sembuse simu ya mkononi. Ungeweza kumpenda mwandishi miaka ishirini bila kuijua hata sauti yake. Ghafla, kwa bei ya mlo, unamwona anakata nyama kama wewe, anajimwagia mchuzi kwenye tai kama wewe. Ilikuwa biashara? Tena biashara hasa! Lakini ilikuwa biashara yenye adabu, kila upande uliondoka na kitu.

Dada Christina mwenyewe hakuwa mtu wa mchezo. Aliliongoza duka mpaka alipofariki mwaka 1999, na wateja wa zamani hawausahau utaratibu wake. Ukitaka kitabu kimoja ulipanga foleni tatu: ya kuchukua karatasi ya bei, ya kulipa, na ya kurudi kuchukua kitabu chako, kwa sababu wauzaji wa kawaida hawakuruhusiwa kushika pesa. Na vitabu vilipangwa kwa jina la mchapishaji, si la mwandishi. Ukitoka na ulichokifuata, ujue kweli ulikitaka.

Wengine waliiga wazo lake la milo. Jarida la The Oldie, lililoanzishwa mwaka 1992, lilijijengea jina kwa milo ya aina hii, ambayo kwa miaka mingi ilifanyika Simpson's-in-the-Strand. Hiyo ni nyumba ya chakula iliyoanza mwaka 1828, maarufu kwa nyama ya ng'ombe ya kuoka inayoletwa kwa kitoroli na kukatwa mbele ya meza yako. Magazeti ya mikoani na maduka madogo ya vitabu nayo huandaa ya kwao.

Swali la bibi wa kushoto

Mlo wetu ulikuwa kwenye hoteli moja kongwe, si mbali na mto Thames. Nilivaa gauni la kitenge, mume wangu akafunga tai aliyoinunua jana yake. Tulipoingia, nakuambia ukweli, tulikuwa karibu vijana pekee ukumbini. Wengi walikuwa wastaafu, na wengi zaidi kina mama. Meza ilikuwa ya watu kumi. Kulia kwangu mume wangu, kushoto kwangu mama mmoja wa Kiingereza wa umri wa bibi yangu, lulu shingoni, miwani inaning'inia kwa mnyororo.

Sisi kwetu ukikaa na mgeni unauliza kwao wapi, kisha kazi gani. Yule bibi aliniinamia, akauliza, "Mnasoma nini siku hizi?" Nikataja kitabu changu. Akamgeukia mume wangu, nami nikajiandaa kumwokoa, maana ninavyomfahamu yeye ni mtu wa magazeti ya michezo.

"Nasoma Peponi," akasema.

Nikageuka. Peponi ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa profesa Chuo Kikuu cha Kent, huko huko Uingereza, na aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis wa chuo cha SOAS cha London, ilichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Mume wangu akamweleza yule bibi kwa utulivu: ni habari ya kijana anayeondolewa kwao kwa sababu ya deni la baba yake. Anaisoma usiku, kurasa mbili tatu, nyumba ikiwa kimya. Amefika katikati, hana haraka, kwa kuwa ikiisha hatajua usiku afanye nini.

Nikakaa kimya na supu yangu. Miezi yote ile ya simu, mimi naulizwa LUKU, yeye anasoma habari za mtu aliyetolewa kwao kwa ajili ya deni. Na sisi ni mkopo wa nyumba uliompeleka Geita. Sikuwa nimeambiwa, wala sikuwa nimeuliza. Ilibidi aulize bibi wa watu.

Wanaojua kusema na wanaojua kuandika

Chakula chenyewe kilikuwa supu, kuku na viazi, na pudini ya matunda. Chumvi ya kuhesabu, pilipili hakuna. Usiende ukidhani utakuta pilau.

Kahawa ilipoletwa, wasemaji wakaanza. Kila mmoja alipewa kama dakika kumi na tano. Wa kwanza alikuwa mzee wa historia, hana hata karatasi, anachekesha mpaka wahudumu wakasimama kumsikiliza. Wa pili alikuwa daktari aliyeandika kuhusu wagonjwa wake. Wa tatu mama mfupi, riwaya yake ya kwanza, karatasi inamtetemeka mkononi. Alisema aliiandika miaka tisa, kila alfajiri kabla watoto hawajaamka, na kwamba mumewe alijua anaandika lakini hakuruhusiwa kusoma. Akasema asante, akakaa.

Hapo ndipo unapoiona siri ya shughuli hii. Mwandishi haendi pale kwa ajili ya kuku. Anakwenda kwa ajili ya ile meza ya vitabu, na anayejua kusema ndiye anayeuza, hata kama anayejua kuandika ni mwenzake. Foleni ya mzee wa historia ilizunguka nguzo. Ya mama wa alfajiri ilikuwa na watu sita, na wa tano alikuwa mume wangu. Alirudi na kitabu chenye majina yetu wawili, yameandikwa bila kosa, kwa sababu yule mama alimwomba amtajie herufi moja moja.

Yule bibi naye alitupa siri ya ndoa yake. Yeye na marehemu mumewe walihudhuria milo hii zaidi ya miaka thelathini. Kila mmoja alinunua kitabu kimoja tofauti, na baada ya mwezi walibadilishana. "Ndivyo nilivyojua anawaza nini," akasema. "Kwa mdomo asingeniambia."

Barua za miaka ishirini

Kesho yake tulitembea Charing Cross Road kwa miguu. Tuliingia Foyles, ghorofa kwa ghorofa, mume wangu akasimama muda mrefu mbele ya vitabu vya Gurnah. Tukakata kona kuingia Cecil Court, kichochoro cha maduka ya vitabu vya kale chenye vioo vya enzi za Malkia Victoria, ambako Mozart aliwahi kuishi na wazazi wake mwaka 1764, akiwa mtoto. Mwisho tukatafuta namba 84.

Duka lililokuwa pale, Marks & Co, halipo tena. Kuna kibao tu ukutani. Mwaka 1949 mwandishi wa New York, Helene Hanff, aliliandikia duka hilo akiulizia vitabu vya zamani. Aliyemjibu ni mfanyakazi aitwaye Frank Doel, mume wa mtu, baba wa watoto. Hapakuwa na mapenzi ya kificho, ulikuwa urafiki wa vitabu. Chakula kilikuwa bado cha mgawo Uingereza baada ya vita, Helene akawa anawatumia wafanyakazi wa duka nyama na mayai. Waliandikiana karibu miaka ishirini. Kila mara alipanga kwenda London, kila mara pesa ikapata kazi nyingine. Desemba 1968 Frank alifariki. Hawakuwahi kuonana. Helene alichapisha barua zao mwaka 1970, na alifika London mwaka 1971, duka likiwa limeshafungwa.

Nilimsimulia mume wangu tukiwa tumesimama pale, mvua nyepesi inanyunya.

"Miaka ishirini, mama Amina," akasema.

"Sisi ni wa tatu," nikamjibu.

Tuliingia mgahawa wa jirani, tukaagiza chai, na tulikaa mpaka taa za barabarani zikawaka. Yeye anaona mimi ndiye nihamie Geita. Mimi naona yeye arudi Dar. Mkopo unatutazama wote wawili. Nilikuwa nimebeba kadi ya menyu ya mlo ule kama kumbukumbu. Tukaigeuza, tukaandika nyuma yake: anayepata kazi ya kueleweka upande wa mwenzake kwanza ndiye anayehama, na kabla mwaka haujaisha mmoja awe amehama. Tukatia sahihi kama waandishi. Sitakudanganya kwamba mambo yamekwisha. Maombi ya kazi tumeshatuma wote wawili, tunasubiri. Lakini simu za usiku zimebadilika. LUKU tunaulizana mwisho.

Ukitaka kwenda

Anza na viza mapema, usisubiri mwezi wa safari. Tiketi za milo huuzwa kwenye intaneti na huisha haraka, kwa hiyo kata kabla hujafunga ratiba. Wakati wa kukata, sema kama unakula halali au huli nyama, si siku yenyewe. Vaa nadhifu. Weka pembeni pesa ya vitabu, na ukumbuke vitabu ni vizito, uzito wa begi utakuumbua uwanja wa ndege. Kwa Charing Cross Road, shuka stesheni ya Tottenham Court Road, teremka kwa miguu mpaka Trafalgar Square. Njia ni fupi, ila maduka yatakumaliza nusu siku.

Na kama nauli haipo? Fanya nyumbani. Hoteli ya nyota tano si lazima. Pilau, kachumbari, marafiki kumi kila mmoja na mchango wake, na mwandishi mmoja wa hapahapa mjini aje na nakala zake. Waandishi wetu wako, wanapigiwa simu mara chache mno. Mpe dakika kumi na tano, kisha nunueni vitabu kwa bei kamili, msiombe vya bure. Wewe na mwenzio mchukue viwili tofauti, mbadilishane baada ya mwezi. Halafu, mkiwa mezani, muulize swali la yule bibi. Huenda jibu hulijui.