Mwanafunzi wangu wa kwanza ana miguu minne

Najua nimekuwa kimya humu kwa siku 12 na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimedisko. Sijadisko. Nina mwanafunzi. Ana wiki 9, anaitwa Jeki, na anakojoa kila mahali isipokuwa panapotakiwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Hapa geto kwetu Changanyikeni wezi waliruka ukuta wakaondoka na jiko la gesi na ndoo mbili. Mwenzangu wa chumba akaenda kwao Kibaha akarudi na kijibwa ndani ya boksi la sabuni. Mama mwenye nyumba akamtazama, akatutazama na sisi, kisha akasema: "Wanangu, huyo nampa mwezi mmoja. Nikikanyaga mavi yake barazani baada ya hapo, anarudi alikotoka." Tukasema asante mama. Mwezi unaisha Jumapili ya wiki ijayo.

Sasa si mnajua kila Mtanzania ni mtaalamu wa mbwa? Jirani wa kwanza akatushauri tumsugue pua kwenye mkojo wake. Wa pili akaleta fimbo kabisa. Mimi nikasema hapana, mwacheni nimfundishe kwa yale niliyoyasomea Mlimani. Wakacheka sana.

Jamani, mbwa haungi tukio la asubuhi na kipigo cha mchana. Anaunganisha mambo yanayofuatana ndani ya sekunde chache tu. Ukimchapa jioni kwa mkojo wa asubuhi, anachojifunza ni kwamba ukitokea wewe kuna maumivu. Kesho yake atakojoa vilevile, ila nyuma ya kabati. Ndiyo maana yule Pavlov tunayemkariri kwenye saikolojia ya elimu (Nobel yake ya 1904 alipewa kwa utafiti wa usagaji chakula, wala siyo saikolojia) aliona mate ya mbwa yakitoka kabla chakula hakijafika, kwa sababu dalili na chakula vilifuatana karibu karibu.

Basi ratiba yetu iko hivi. Mbwa wa miezi miwili anaweza kubana mkojo saa 2 hivi mchana, usiku zaidi kidogo. Kwa hiyo akiamka tu, anatoka. Akimaliza kula, anatoka. Akimaliza kucheza, anatoka. Ni mahali palepale kila siku, chini ya mpapai, na neno ni lilelile: "kojoa." Akikojoa, papo hapo anapewa dagaa mmoja na sifa nyingi kama kafaulu mtihani wa taifa. Usiku tunategesha alamu ya simu saa 8, tunapokezana mimi na mwenzangu. Akikojoa ndani tunafuta na maji ya siki ili harufu iishe, maana harufu ikibaki anadhani ndiyo choo. Hakuna kelele.

Kulala ilikuwa kesi nyingine. Usiku wa kwanza alilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Ukifikiria, siku moja kabla alikuwa amelala katikati ya mama na ndugu zake. Tukasogeza boksi lake karibu na kitanda, tukaweka kanga kuukuu na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa taulo. Usiku wa nne akalala.

Kuna jambo ambalo kwenye vitabu vya Ulaya hulikuti. Jirani wa chumba cha tatu ni Mwislamu, na mate ya mbwa kwake ni najisi: chombo kikilambwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Bomba la uani ni moja. Kwa hiyo somo la pili la Jeki, kabla hata ya "kaa", lilikuwa kutosogelea ndoo. Tukimwona anaelekea bombani tunamwita jina, akigeuka anakula dagaa. Na vyombo vya jirani tukavitengenezea kichanja. Mbwa anafundishwa, lakini na binadamu nao wapange mazingira. Jirani sasa anamwita Jeki jina lake, kutoka mbali.

Dawa ya minyoo ameshapewa na bwana mifugo. Akifika miezi 3 anachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na hilo halina mjadala, kwa sababu dalili za ugonjwa ule zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo.

Lakini kinachonikosesha usingizi siyo Jeki. Ni yule jirani wa fimbo. Yeye ni mwalimu. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko 4, tena kwa mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye, na sote tuliosoma shule zetu tunajua darasani mambo yalikwendaje. Mimi nilikaa na watoto waliokuwa wanajua jibu na hawanyooshi mkono. Walikuwa wamejifunza kitu, ndiyo: kujificha nyuma ya kabati.

Mwakani naenda kufundisha kwa vitendo, darasa la watu labda 80, na dagaa 80 sina. Ila "vizuri" inayosemwa kwa wakati wake haina gharama.

Ripoti ya leo: siku 3 baraza ni safi. Mwenye dagaa za ziada asisite kupita geto.