Sahani Nane na Tangi la Maji

Je, umewahi kuketi mezani ukala huku ukipiga hesabu? Mimi nimewahi, tena si katika kibanda cha githeri, bali Mexico City, mtaa wa Polanco, ambako barabara zimepewa majina ya washairi na wanafalsafa, na magari yaliyoegeshwa kando yake yanaonekana hayajawahi kuonja tope.

Ilikuwa Septemba 2024. Nilikuwa nimealikwa kwenye warsha ya walimu, tikiti na malazi yamelipwa na walioniita, nami nikapewa na posho kidogo ya kujikimu. Posho hiyo ilikuwa na mwenyewe hata kabla sijaondoka Nairobi. Mimi na mama watoto tulikuwa tumekubaliana kwamba nitajibana, na kitakachobaki kinunue tangi la lita 2,000, kwa kuwa mtaani kwetu mfereji hutoa maji siku mbili kwa juma. Mitungi ya siku tano zilizosalia huibeba yeye.

Basi rafiki yangu wa tangu chuo kikuu, ambaye ameoa huko na kutulia, akanipigia simu. Mwenzetu wa tatu, muuguzi mjini Houston, alikuwa anakuja kwa ndege ili tuonane. Miaka 17 hatukuwa tumeketi pamoja sote watatu!

"Nimeweka nafasi tangu miezi miwili iliyopita," akasema. "Ni mahali pa sahani nane. Wewe huchagui chochote, mpishi ndiye anayekuchagulia."

Sikuuliza bei. Hapo ndipo lilipoanzia kosa langu. Mtu mzima huona haya kuuliza bei mbele ya wenzake, hasa wale aliokuwa akiwapiku darasani.

Sahani ya kwanza ilipofika nilidhani wametuonjesha tu. Lo! Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kama sarafu: kipande cha mkate wa mahindi uliokaushwa, na juu yake panzi watatu wa kukaanga, ambao wenyeji huwaita chapulines. Nikakimeza mara moja. Kumbe ilipasa kukitafuna taratibu huku mhudumu akieleza kilikotoka!

Ya pili ikanishika moyo. Ilikuwa nyama yenye mchuzi mweusi uliosagwa pamoja na chicatana, wadudu wenye mabawa wanaotoka ardhini mvua za kwanza zinapoanza. Shemeji, yaani mke wa mwenyeji wetu, akaanza kututuliza tusiogope. Tusiogope nini? Mimi ni mzaliwa wa Busia. Wa kwao ni siafu wa aina yake na wa kwetu ni mchwa, lakini nimekimbizana na kumbikumbi wakati wa mvua tangu nikiwa na miaka minne, nikiwala mbichi na mabawa yakinisakama kooni. Nikamweleza mhudumu, shemeji akafasiri, na yule kijana akaenda kumwita mwenzake jikoni aje asikie. Yule muuguzi wetu alicheka hadi machozi yakamtoka. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau.

Kisha ikaja cuitlacoche. Msomaji uliyelelewa shambani, unayajua mahindi yaliyougua yakatoa uvimbe wa kijivu wenye unga mweusi kama masizi? Kwetu baba aliyakata akayachoma moto, akinuna mchana kutwa. Huko hupikwa na kupewa mgeni wa heshima. Nilionja nikimwomba marehemu radhi. Ni tamu, inakaribia ladha ya uyoga.

Kwa kweli karamu nzima ilikuwa ya mahindi. Sisi twayaita mahindi kana kwamba yametoka Uhindini, ilhali asili yake ni huko huko Mexico, yalikofugwa kutoka nyasi za porini yapata miaka 9,000 iliyopita. Wreno ndio waliotuletea. Ila walituletea punje bila maarifa yake. Wamexico huyachemsha mahindi kwa chokaa, wakayalaza usiku kucha ndipo wakayasaga. (Niliposikia chokaa niliwaza kuta za shule yetu.) Chokaa hiyo huifungua vitamini inayoitwa niasini, ambayo mwili hauipati vyema kwenye unga wa kawaida, ndiyo maana mataifa mengine yaliyotegemea mahindi matupu yaliugua pelagra, ngozi ikichubuka. Hata pombe tuliyonyweshwa, mezcal, hutokana na mmea wa ukoo mmoja na mkonge, na mkonge nao ulitujia kutoka Yucatán. Nikajiona nimetembelea kwa mjomba.

Zilizofuata nilizila bila kuzihesabu. Tulizungumza hadi viti vya jirani vikabaki vitupu. Muuguzi akatueleza jinsi alivyomzika mamake kwa simu mwaka 2020, akitazama jeneza kwenye kioo kidogo cha mkononi. Hakuwa amemweleza mtu yeyote hadithi hiyo yote. Hakuna aliyekuwa na jibu. Shemeji, ambaye hajui Kiswahili hata neno moja, akamshika mkono.

Ndipo bili ikaletwa, ndani ya kijisanduku cha mbao. Peso 3,000 kwa kila kichwa, kinywaji 350, bakshishi ya asilimia 15. Jumla yangu ilikuwa kama peso 3,850, karibu shilingi 25,000. Mwenyeji wetu akatia mkono mfukoni na kuuliza, kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, nikulipie?"

Nikasema la, hasha! Nikazihesabu noti zangu moja moja kama mwenye nyingine nyumbani. Miezi minne tu kabla ya hapo kitabu cha Michelin kilikuwa kimetoa nyota zake za kwanza Mexico, na mojawapo ilikwenda kwa kibanda cha tako, El Califa de León, ambako watu hula wakiwa wamesimama. Laiti ningeyajua hayo mapema, ningewavuta huko.

Niliporudi nilimwambia mama watoto kwamba posho ilicheleweshwa na wakubwa wa warsha. Huu ni mwezi wa ngapi sijui, na bado mitungi ingali inapanda ngazi. Yeye husoma kurasa hizi kila Jumapili baada ya chai, akianzia nyuma. Hivi sasa amebakiza kurasa mbili afike hapa.