CPU ya Tabata na prosesa ya Columbus

"Kaka, nataka kubadilisha CPU, gemu zinakwama sana." Ujumbe huo mdogo wangu alinitumia kutoka Tabata katikati ya mwaka 2025. Nami nikajibu kama mtu wa Ohio: prosesa haibadilishwi hivi hivi, lazima iendane na mazabodi, niachie mimi. Wiki mbili baadaye nikampa msafiri mmoja mazabodi mpya ya B450 aipeleke Dar, prosesa ya Ryzen ingefuata na msafiri mwingine.

Kumbe mwenzangu hakuwa anazungumzia prosesa. Nyumbani, CPU ni boksi zima. Skrini ni skrini, kibodi ni kibodi, na lile dude la chini ya meza linalobaki ndilo CPU. Nimekulia humo humo, lakini miaka tisa ya ughaibuni ilitosha kunisahaulisha.

Huku Columbus ndiko duka la Micro Center lilikoanzia, mwaka 1979, na kwa mpenzi wa gemu kuingia mle na pesa mfukoni ni hatari. Prosesa, mazabodi na RAM wanakufungia pamoja kwa bei moja, na fungu hilo linakufanya uone kwamba kununua kimoja ni ujinga. Lina sababu yake ya kiufundi. AMD walipoleta soketi ya AM5 mwaka 2022, soketi hiyo ilikubali RAM za DDR5 tu, kwa hiyo anayehama kutoka soketi ya zamani, AM4, hanunui prosesa peke yake. Ananunua vyote vitatu. Na mimi nilikuwa nimeshakodolea macho fungu la zaidi ya dola 300, kwa sababu Ryzen 5 2600 yangu ya mwaka 2018 ilikuwa inanichosha kwenye Counter-Strike 2.

Kilichonirahisishia tamaa ni risiti. Ukinunua kitu huku kisikufae, unakirudisha ndani ya siku walizoandika na pesa yako unapewa. Mtu ananunua kwanza, kufikiri baadaye. Kariakoo risiti ina maneno yake, nayo mnayajua: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ndiyo maana kule fundi na mteja hujadiliana kabla ya noti kutoka. Kompyuta inafunguliwa palepale kwenye meza, kifaa kinachomekwa, inawashwa, wote mnaangalia skrini. Isipowaka, hakuna biashara.

Mdogo wangu alibeba boksi lake, Dell OptiPlex 9020 la mtumba, pamoja na mazabodi yangu, akaenda kwa fundi. Fundi alilifungua, akaangalia dakika moja, akacheka. Nilikuwa kwenye video nikisikia.

"Huyu kaka yako wa Marekani amekuletea injini ya lori uifunge kwenye bajaji."

Halafu akanieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Pawasaplai ya Dell ile ina plagi kuu ya pini 8, wakati mazabodi za kawaida zinataka pini 24. Hata waya wa kitufe cha kuwashia ni wa Dell wenyewe. Ukitaka kuweka mazabodi yangu utatupa pawasaplai, utatupa boksi, utatupa na RAM, maana zile ni DDR3. Kitakachobaki cha zamani ni diski na kadi ya grafiksi. Hapo hujaboresha kompyuta, umenunua nyingine.

Akauliza swali ambalo mimi na ujuaji wangu sikuwa nimeuliza: gemu ikikwama, kipi kimejaa? Wakawasha GTA V, wakafungua dirisha la kuonyesha kazi. Prosesa, i5-4590, ilikuwa imefika asilimia 100. Kadi yake, GTX 1050 Ti, ilikuwa inazubaa kwenye 50 na kitu. Kadi ingekuwa imejaa na prosesa inapumua, tatizo lingekuwa kadi, na mazabodi ya bei yoyote isingesaidia kitu.

Dawa ya fundi: i7-4790 ya mtumba, inayokaa kwenye soketi ile ile. Viini ni vinne kama vya i5, lakini inashika kazi nane kwa mpigo badala ya nne. RAM ya pili ya GB 8 ikakaa pembeni ya ile moja iliyokuwa peke yake, ili zifanye kazi kwa jozi. Vumbi likapulizwa, dawa ya kupoza prosesa ikapakwa upya. Gharama yote haikufika hata bei ya mazabodi niliyotuma. Gemu sasa inakwenda bila kushtuka.

Sitaki kumpamba fundi kupita kiasi. Windows 10 iliishiwa msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha nne hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Ipo siku boksi lile litagomea gemu kwa sababu hiyo, na siku hiyo mdogo wangu atanunua CPU kwa maana yake mwenyewe, yaani boksi zima.

Mimi nilirudi kwenye meza yangu nikafanya kipimo kile kile. Counter-Strike ikiwa imewashwa, kadi ilikuwa inafanya kazi asilimia 60 tu. Nikapunguza ubora wa picha hadi chini kabisa, fremu hazikuongezeka. Basi ni prosesa. Fungu la dola 300 nikaliacha dukani. Nilisasisha BIOS ya mazabodi yangu ya zamani, nikanunua Ryzen 5 5600 kwa kama dola 100, nikaichomeka. RAM zangu za DDR4 ziko pale pale, na ilipofika mwisho wa mwaka bei za RAM zikapaa kwa sababu ya vituo vya akili bandia, nilikuwa natazama kwa mbali.

Ile B450 iko juu ya kabati la mama, Tabata, haijafungwa popote. Kama uko Dar, una boksi la kawaida na Ryzen ya AM4, niandikie. Njoo na prosesa yako, tutaiwasha mbele yako kwanza.