Kompyuta za Chogo, Kakuma Hadi Kapedo

Kapedo, Turkana

Kaka,

Joto la huku linamtaka mtu aliyezaliwa nalo. Uliniagiza nikuandikie habari za Ziwa Turkana na mamba. Hizo utazipata kwa wengine. Mimi nimekutana na watu wa kabila lako, wale wasiokubali kuizika kompyuta.

Nilianzia Kakuma. Kambi ile ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo ni mji wenye masoko, misikiti, makanisa na mafundi wa kila namna. Madukani umeme mwingi ni wa watu binafsi: mmoja ananunua jenereta, anavuta nyaya mpaka kwa majirani, na kila mwenye duka anamlipa. Umeme wa hivyo hupanda na kushuka, na kila ukiyumba kuna mashine inayoumia. Ndiyo maana fundi wa huko hakosi kazi.

Niliyeshinda naye ni Mkongomani wa Bukavu. Kibanda chake cha mabati kimejaa kompyuta za mashirika ya misaada, za shule, na chache ambazo anasema zilishuka kutoka Lokichoggio. Huko ndiko zilikokuwa zikiruka ndege za Operation Lifeline Sudan tangu mwaka 1989, zikipeleka chakula kusini mwa Sudan. Mkataba wa amani wa 2005 ulipotiwa saini, mashirika yakaanza kuhamia Juba, na si kila meza iliyosafiri na kompyuta yake.

Alinifungulia moja, Pentium 4. Kando ya prosesa zilisimama kapasita, vile vipipa vidogo vya bati, na vichwa vyake vimevimba kama maandazi. Ugonjwa huo nawe unaujua: mashine nyingi za kati ya mwaka 1999 na 2007 ziliwekewa kapasita zenye maji mabovu ndani, yakitoa gesi hadi kifuniko kikapasuka. Dukani kwake hakuna kapasita mpya. Anazing'oa kwenye televisheni na redio zilizokufa. Sheria zake ni tatu: ujazo uwe ule ule, volti zisipungue, na mstari wa upande wa hasi usigeuzwe, maana ukiugeuza itakulipukia usoni. Alipomaliza kulehemu alisafisha feni kwa brashi ya rangi, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akawasha. Mashine ikaamka.

Nikamuuliza kwa nini anahangaika na vikongwe wakati simu za kisasa zimejaa mtaani. Akanijibu kwa Kiswahili chao cha Kivu: "Hii ya zamani unaifungula, unaona bugonjwa yake na macho. Hii ya sasa inakuficha."

Kaka, nimelizungusha jibu hilo kichwani njia nzima, na naona ndiyo hoja yote ya mchezo wetu huu wa kompyuta za zamani. Mwaka 1976 zilitengenezwa Apple-1 kama 200 hivi, zikauzwa dola 666.66 kila moja. Mwaka 2014 mojawapo ilinunuliwa mnadani New York kwa dola 905,000 na jumba la makumbusho la Henry Ford. Watu husikia habari kama hiyo wakadhani thamani ya kompyuta ya zamani ni uadimu wake. Fundi wa Kakuma hana hata moja iliyo adimu. Alicho nacho ni mashine ambazo mtu mwenye bisibisi na risasi ya kulehemu anaweza kuzielewa mwanzo hadi mwisho. Kompyuta nyingi za siku hizi zimegandishwa kwa gundi, kumbukumbu zake zimelehemewa kwenye bodi, na ikifa kipande kimoja unaambiwa nunua nyingine.

Lodwar sikukaa sana. Wakoloni walimweka Jomo Kenyatta pale kuanzia 1959 hadi 1961, kwa kuwa palikuwa mbali na kila kitu. Sasa vijana wa Turkana wanajifunza kazi za kompyuta Loropio, ufukweni mwa ziwa, kwenye chuo cha Startup Lions kilichochorwa na Francis Kéré wa Burkina Faso, msanifu aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Majengo yana minara mirefu iliyoigwa kutoka kwenye vichuguu vya mchwa: hewa ya moto inapanda na kutokea juu, hewa safi inaingia kwa chini, na vyumba vinabaki na ubaridi wa kutosha watu na mashine. Vumbi na joto ndivyo viuavyo kompyuta huku, kwa hiyo hata fundi wa kibandani angewapa alama nzuri.

Kutoka Lokichar barabara ya lami niliiacha, nikapita Lokori hadi hapa Kapedo. Mji huu umesikika zaidi kwa bunduki kuliko kwa jambo lolote jingine. Turkana na Baringo zinaugombania, na mwishoni mwa 2014 askari polisi wengi waliviziwa na kuuawa karibu yake. Lakini kuna maporomoko ya maji ya moto, yanayotoka chini ya mlima Silali na kwenda kuwa mto Suguta. Watu wanayaoga, wanafua, na watoto wanacheza chini yake.

Hapa nimekaribishwa na mwalimu mstaafu. Ana kompyuta ya 486 yenye skrini ya chogo, aliyopewa na wamisionari walipopata mpya. Mashine na skrini yake vinakula wati mia na ushee, naye ana paneli za jua, hivyo huiwasha adhuhuri tu. Aliniomba nimshikie tochi wakati akiifungua. Ile betri ya buluu iliyolehemewa kwenye bodi, ya kutunzia saa, ilikuwa imevuja. Ukungu wa kijani ulikuwa umetambaa mpaka kwenye njia za shaba, na njia moja ilikuwa imeliwa ikakatika. Akaikata betri kwa koleo, akapaka siki kwa pamba, maana ule uvujo ni magadi na siki ndiyo inayoyavunja, akafuta kwa spiriti, kisha akaunga njia iliyokatika kwa uzi mmoja wa waya wa redio.

Tulipowasha, mashine ilihesabu kumbukumbu yake huku ikigonga, halafu ikasema leo ni tarehe 1 Januari 1980, siku ambayo kalenda ya DOS huanzia. Ilikuwa imeisahau hata diski yake. Mwalimu hakushtuka. Ndani ya kifuniko ameibandika karatasi yenye tarakimu za silinda, vichwa na sekta, akazichapa moja moja. Kisha akaweka disketi ya Prince of Persia, mchezo wa mwaka 1989. Jordan Mechner, aliyeutunga, alimpiga picha mdogo wake akikimbia na kuruka ndipo akachora mwendo wa mwanamfalme. Mchezaji ana dakika 60 za kumwokoa binti mfalme kutoka mikononi mwa waziri mbaya. Watoto wa jirani walijaa mlangoni, wakipiga kelele kila mwanamfalme alipotumbukia kwenye miiba. Mchezo wote unaenea kwenye disketi ya megabaiti 1.44, ambamo wimbo mmoja wa simu yako hauingii.

Nimegundua jambo jingine. Ukame huu unaotesha mifugo unakihifadhi chuma. Kasha la Mwalimu halina kutu hata kidogo. Raba za printa yake zimekauka na kupasuka, lakini pini za chuma zinang'aa. Kwetu Tanga ni kinyume: hewa ya chumvi inaanza na skrubu, inamalizia bodi.

Kwa hiyo nakusihi, kaka, barua hii ikikufikia nenda stoo uifungue 486 yako. Kwanza tarakimu za diski uziandike ndani ya kifuniko, kisha kata betri yake kabla haijavuja, hata kama inaonekana nzima. Vumbi litoe kwa brashi. Skrini ya chogo usiifungue, maana hata ikiwa imezimwa inaweza kubaki na maelfu ya volti. Kama huna nafasi nayo tena, mpe fundi au shule. Usiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu wao huchoma nyaya wapate shaba, moshi wanavuta wao na majirani, na mashine ambayo mtoto angeifungua akaielewa inakuwa imekwisha.

Wasalaam,
Mdogo wako